Kizibao cha kupoza na kiatu cha kukanda: Vyamfaa nini mwanamichezo wa Pwani?

Zamani mchezaji akimaliza mechi huku miguu imekuwa mizito, alikuwa na mambo mawili: ndoo ya maji baridi au mzee wa mtaa ajuaye kuchua. Siku hizi pameingia la tatu, nalo ni la kuvaliwa. Mwaka 2024, kabla ya michezo ya Olimpiki ya Paris, kampuni za Marekani Nike na Hyperice zilionyesha kiatu kirefu chenye joto na mbano wa hewa kwa ajili ya kifundo cha mguu, pamoja na kizibao kinachoweza kumpoza au kumpasha moto mwanariadha bila barafu wala maji. Kiatu hicho, kiitwacho Hyperboot, kilianza kuuzwa Marekani Mei 2025 kwa dola 899. Kwa pesa zetu hiyo ni zaidi ya shilingi 100,000.

Wakubwa wakitangulia, waigaji hawako mbali. Leo ukifungua simu utaona matangazo ya vizibao vya kupoza, mikanda ya kukanda kiuno kwa betri, soksi za joto na fulana zinazodaiwa kurudisha nguvu usingizini. Nyingine huletwa na jamaa watokao Ghuba, nyingine huagizwa mtandaoni. Kocha wa timu ya mtaani mwenye akiba ndogo ya michango anajiuliza: tununue? Mzazi mwenye kijana anayekimbia naye anajiuliza vivyo hivyo. Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hapa si vyote vibaya. Kazi ni kujua kipi hufanya nini, na kipi hakiwezi kufanya kazi katika hewa yetu ya Pwani hata kingetengenezwa na nani.

Joto haliuawi, huhamishwa

Tuanze na jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Hakuna nguo inayotia baridi mwilini. Baridi ni kuondoka kwa joto tu. Nguo ikikupoza, maana yake imelichukua joto lako ikalipeleka mahali pengine. Kwa hivyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji yeyote ni hili: joto laenda wapi?

Tena joto lenyewe si dogo. Mtu aliyeketi kitako hutoa joto la karibu wati 100, sawa na ile balbu ya zamani iliyokuwa ikiunguza vidole. Akikimbia kwa nguvu, hutoa mamia ya wati, na wakimbiaji wa kiwango cha juu huweza kufika 1,000. Sababu ni kwamba misuli hutumia kama robo tu ya nguvu yake kusukuma mwili mbele. Inayobaki yote hugeuka joto, nalo sharti litoke.

Njia nne za kulitoa

Njia ya kwanza ni ya barafu. Kizibao huwa na mifuko ya barafu au jeli iliyogandishwa, na joto la mwili huishia kuiyeyusha. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunywa kilojuli 334. Ikiyeyuka kwa nusu saa, hiyo ni sawa na kuondoa wati 185 hivi kwa muda wote huo. Hesabu hii si ya kubeza. Katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, Mmarekani Deena Kastor alivaa kizibao cha barafu kabla ya kuanza marathoni, akakivua, akakimbia, akapata shaba. Hakukivaa ili akimbie nacho. Alitaka aanze mbio mwili ukiwa bado na nafasi ya kupokea joto. Ubaya wa barafu ni uzito wake, na kwamba ikishaisha imeisha.

Njia ya pili ni ya nta. Kuna nta maalum inayoyeyuka kwenye nyuzijoto kama 28, karibu na joto la ngozi. Utafiti wake ulianzia Marekani miaka ya 1980 kwa ajili ya mavazi ya wanaanga wa NASA, kisha ukaingia katika nguo za kawaida. Nta ikiyeyuka hunywa joto, ikiganda hulirudisha. Kilo moja yake hunywa kama kilojuli 200, pungufu ya barafu. Katika kizibao chenye mifuko ya nta mtu huipata nafuu hiyo. Lakini katika fulana ambayo nta imenyunyizwa ndani ya nyuzi, iliyomo ni gramu chache tu. Hujaa mapema, ikabaki kuwa fulana kama fulana nyingine.

Tena nta ya nyuzijoto 28 sharti igandishwe upya mahali penye baridi kuliko hapo. Ulaya waiweka mezani tu, ikaganda. Chumba cha Mombasa kisicho na AC, usiku wa Machi, chaweza kuwa na joto hilohilo au zaidi. Utaamka asubuhi nta bado ni uji. Anayetaka kuitumia huku lazima awe na friji.

Njia ya tatu ni ya maji, na hii ndiyo inayouzwa kwa bei nafuu zaidi. Unakilowesha kizibao, unakikamua, unakivaa, na maji yanapogeuka mvuke huchukua joto lako. Kanuni yake twaijua kupitia mtungi: maji hupenya udongo, hukauka nje, na yaliyobaki ndani hupoa. Nguvu yake ni kubwa ajabu. Lita moja ya maji ikikauka juu ya ngozi huondoka na kama kilojuli 2,400, mara saba ya kilo moja ya barafu. Ndiyo maana Mwenyezi Mungu alitupa jasho.

Lakini maji hukauka pale tu hewa ina nafasi ya kuyapokea. Hewa ya Lodwar ni kavu, huyapokea upesi. Hewa ya Mombasa, Lamu au Kilifi imekwisha kujaa maji ya bahari. Kila mtu wa huku anajua nguo zilizofuliwa siku ya mawingu zinavyokataa kukauka. Kizibao cha maji nacho ni nguo iliyofuliwa, tofauti yake ni kuwa wewe ndiwe kamba. Na kuna la zaidi: kikiwa kizito na kimekubana, kinazuia jasho lako mwenyewe lisikauke. Unaweza kulipa pesa ukaishia kuongeza joto ulilotaka kulipunguza.

Anayetaka kuona unyevu hufanya nini kwa wanariadha hodari, aikumbuke marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia, Doha 2019. Mbio zilianza saa tano na dakika 59 usiku ili kulikwepa jua. Hata hivyo joto lilikuwa karibu nyuzi 32 na unyevu zaidi ya asilimia 70. Walioanza walikuwa 68, waliomaliza 40. Aliyeshinda ni Mkenya mwenzetu, Ruth Chepngetich, kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 43, muda wa polepole mno kwa mtu wa kasi yake. Jua halikuwapo. Kilichowaangusha ni jasho lisilokauka.

Njia ya nne ni ya umeme. Mwaka 1834 Mfaransa Jean Peltier aligundua kuwa umeme ukipita mahali metali mbili tofauti zinapoungana, pahali hapo hupoa au hupata joto. Leo jambo hilo hufanywa kwa vigae vidogo: upande mmja wa kigae hupoa, wa pili huwaka, na ukiugeuza umeme, pande nazo hubadilishana. Kizibao cha Nike na Hyperice hutumia njia hii, ndiyo sababu hakihitaji barafu wala maji.

Ila kigae hakilipotezi joto. Hulihamisha kutoka upande wa ngozi hadi upande wa nje, na kuongeza joto la umeme wake chenyewe. Upande wa nje usipopata feni au bati la kutawanya joto, kigae chote hushika moto. Kwa hiyo kinaweza kupoza sehemu ndogo vizuri, lakini kuupoza mwili mzima unaotoa mamia ya wati kwa betri ya mfukoni ni ahadi kubwa kuliko betri.

Kupasha joto, kwa upande mwingine, ni kazi rahisi. Waya mwembamba au nyuzi za kaboni zikipitishiwa umeme, umeme wote hugeuka joto. Pawabenki ya kawaida ya volti 5 na ampea 2 hutoa wati 10, na wati 10 kiunoni mtu anazisikia sawasawa. Hapa ndipo siri ya soko hili ilipo: mkanda wa bei nafuu wa kukanda kwa joto mara nyingi hufanya kile ulichoahidi, ilhali kizibao cha bei nafuu cha kupoza, hapa kwetu, mara nyingi hakiwezi.

Zipo pia nguo za kulalia zinazosemekana kurudisha joto la mwili kwa madini yaliyomo kwenye nyuzi. Kampuni ya Under Armour iliuza za namna hiyo mwaka 2017 pamoja na mchezaji Tom Brady. Nguo hizi hazina betri, kwa hiyo haziwezi kuzalisha joto lolote. Huakisi lako tu. Mkazi wa Kisauni anayelala kifua wazi chini ya feni anaweza kujijibu mwenyewe kama hilo ndilo alilokosa.

Baridi lini, joto lini?

Hata ukiwa na kifaa bora kuliko vyote, kinaweza kukudhuru au kukupotezea muda ukikitumia wakati usiofaa. Na hapa elimu imebadilika.

Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliandika kuwa aliyeumia apumzike, aweke barafu, afunge bandeji na auinue mguu. Dunia nzima ya michezo ikalishika. Miaka zaidi ya 30 baadaye daktari huyohuyo aliandika kuwa barafu huenda ikachelewesha kupona, kwa sababu uvimbe ni sehemu ya kazi ya mwili ya kujitengeneza. Barafu bado hupunguza maumivu, na hilo lina faida yake mtu akiwa ameteguka sasa hivi. Ila si dawa ya kuendelea kuwekwa siku nenda siku rudi.

Kwa maumivu ya misuli baada ya mechi ngumu, majaribio yaliyokusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2012 yalionyesha kuwa kukaa kwenye maji baridi hupunguza maumivu kuliko kukaa tu bila kufanya lolote. Lakini mwaka 2015 jarida la Journal of Physiology lilichapisha utafiti wa wiki 12 za mazoezi ya nguvu. Waliojitia kwenye maji baridi kila baada ya mazoezi walipata misuli na nguvu kidogo kuliko waliomalizia kwa mazoezi mepesi. Baridi iliwapunguzia faida ya jasho lao.

Ukiyaunganisha haya mawili, mwongozo wake ni mwepesi. Timu ikiwa katika mashindano, ina mechi leo na nyingine kesho, baridi inafaa, kwa sababu haja yao ni kuamka na miguu inayosikia. Timu ikiwa katika miezi ya kujijenga kabla ya ligi, waiache misuli ifanye kazi yake.

Joto lina zamu yake. Hufaa kwa msuli uliokakamaa, mgongo wa siku nyingi, na kifundo kigumu kabla ya kuanza mazoezi. Watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa hili na tangazo. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji moto, na wazee wetu hukanda na kuchua viungo tangu enzi. Kiatu cha dola 899 kinakanda kwa joto na mbano, basi.

Palipo na kosa ni hapa: kijana anateguka kifundo saa kumi na moja jioni, na kabla ya magharibi ameshachuliwa kwa mafuta na maji moto. Uvimbe mpya haukandwi wala hauchuliwi. Siku za mwanzo mguu uinuliwe, ufungwe, na kama maumivu ni makali uwekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa, kama dakika 10 hadi 20. Akishindwa kabisa kuukanyagia, apelekwe hospitali apigwe picha. Kukanda kungoje uvimbe utulie. Na kosa hili halibadiliki kwa kuwa joto limetoka kwenye betri badala ya sufuria.

Hatari zake

Joto la nyuzi 44 halitishi mkono, lakini likikaa mahali pamoja kwa saa kadhaa huunguza ngozi. Basi mtu asilale na mkanda wa joto ukiwa umewashwa. Wenye kisukari, ambao miguu yao imepungua hisia, wasitumie kiatu wala soksi ya joto bila kumuuliza daktari, maana hawatasikia wanapoungua. Barafu nayo isigusane na ngozi moja kwa moja. Betri za lithiamu zisiloweshwe jasho wala kuchajiwa zikiwa zimevimba, na anayeziagiza kutoka ng'ambo ajue ndege huzitaka kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni kuamini kuwa kizibao kitamwokoa aliyezidiwa na joto. Mchezaji akianza kupepesuka, kusema maneno yasiyoeleweka, au kuzimia akiwa na mwili wa moto, hiyo ni hali ya kufa na kupona. Joto la ndani likipita nyuzi 40, ubongo na viungo huanza kuharibika, na kila dakika ina uzito. Apelekwe kivulini, avuliwe jezi, atiwe kwenye beseni au karai kubwa la maji ya barafu, kichwa kikishikwa juu ya maji. Pakikosekana, leso na mashuka yaloweshwe maji ya barafu, afunikwe mwili mzima, yabadilishwe kila yakipata joto, huku akipepewa. Gari la hospitali liitwe, lakini kupozwa kuanze palepale uwanjani bila kulingojea.

Pesa ya klabu iende wapi?

Klabu kubwa yenye mtaalamu wa viungo, au mchezaji wa kulipwa anayerudi kutoka jeraha, anaweza kukitendea haki kiatu cha joto. Kinabebeka, kinafaa safarini, na kinapunguza kazi ya mikono. Mkanda wa joto wa bei nafuu unaweza kumfaa kipa mwenye mgongo wa muda mrefu. Hayo si ya kukataa.

Ila kwa timu nyingi za mitaani kutoka Vanga hadi Kiunga, shilingi ya kwanza ina kazi nyingine. Inunue kasha la kubebea barafu, beseni kubwa, taulo au leso kumi kuukuu, na maji ya kunywa ya kutosha benchi zote mbili. Barafu yenyewe haiko mbali: panapotua samaki ndipo ilipo. Ile ya samaki isinyweke, ila kwa kulowesha taulo na kujaza beseni haina neno ikiwa safi. Kilo tano zake zikiyeyuka huondoa joto ambalo vizibao vingi vya mtandaoni haviwezi kulikaribia.

Lingine halina bei. Kaskazi ikishika, kati ya Desemba na Machi, mechi za vijana zisianze saa nane mchana. FIFA huruhusu mapumziko ya kunywa maji na kujipoza pale kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na jua kinapopita nyuzi 32. Mashindano yetu hayana kipimo hicho, lakini refa ana macho. Mapumziko ya dakika tatu katikati ya kila kipindi hayahitaji idhini kutoka Zurich, yanahitaji makocha wawili kukubaliana kabla ya filimbi.

Na yule ambaye bado anataka kununua, basi amuulize muuzaji maswali matatu. Joto laenda wapi: kwenye barafu, nta, hewa au upande wa nje? Kama ni umeme, ni wati ngapi na betri hudumu dakika ngapi? Kama ni cha kuloweshwa maji, kimejaribiwa kwenye hewa yenye unyevu kama ya huku? Muuzaji akikosa jibu la hayo, pesa ibaki mfukoni na kasha la barafu lipelekwe uwanjani.